Asidi Yenye Njaa

Nilipofungua mlango wa chumba cha matangi nilikohoa kabla sijamsalimia mtu, na kikohozi hicho kikanieleza yote. Tangi likiiva, mvuke wake hauna neno. Unapita puani kama mvuke wa maji ya kufulia. Lakini mvuke wa siku ile ulinikwaruza koo kama mtu ameunguza pilipili jikoni. Humo ndani kulikuwa na asidi ambayo haijashiba.

"Shemeji amerudi na macho mapya," akasema Kifuniko, amekaa juu ya pipa tupu anakunywa chai. "Hebu nitazame vizuri. Ndivyo ulivyokuwa ukiniona siku zote?"

"Nilikuwa nakuona kijana. Daktari kaniharibia."

Kifuniko ndiye mfungaji wa mapipa, ndiyo maana akapewa jina hilo. Ananiita shemeji kwa madai kwamba marehemu mume wangu alikuwa ndugu yake kwa upande wa kucheka. Nilikuwa nimekaa nyumbani siku mbili kwa ajili ya macho, na sasa nilikuwa na miwani mpya iliyonikalia puani kama mgeni asiyejua aondoke saa ngapi.

"Nani kapika hili?" nikamuuliza.

"Profesa wetu. Jana na leo asubuhi. Mimi nilishika mwiko tu."

"Na nani kasema limeiva?"

Kifuniko akatazama ndani ya kikombe chake. "Mizani," akasema.

Kiwanda chetu si kikubwa. Ni vyumba vitatu, ghala moja na uwanja wa kuegesha lori. Tunatengeneza dawa ya kuzuia kutu, ile inayotiwa kwenye maji ya kupoza injini ili mabomba yasiliwe kwa ndani. Asidi hutufikia kwenye magunia, vigamba vyeupe vyepesi ambavyo ukivipulizia vinaruka. Tunavitia kwenye maji ya moto, kisha tunatia magadi kidogo kidogo. Kila ukitia, povu linapanda, linanguruma, linashuka. Unasubiri, unatia tena. Asidi peke yake inakula chuma, na magadi peke yake yanachubua mikono. Lakini ukiwaozesha hao wawili taratibu, wanazaa chumvi mpole, tena chumvi hiyo inajitandaza juu ya chuma kama shuka, kutu ikija inakuta mlango umefungwa. Siri yote iko kwenye kushibisha. Asidi ikibaki na njaa, hiyo unayoiita dawa ya kutu inakwenda kula bomba la mwenzio.

Hayo sikuyapata shuleni. Shule niliachia darasa la tatu, nikijua kusoma, kujumlisha na kuandika jina langu. Aliyenifundisha ni mzee mwenye kiwanda, Mungu amrehemu. Miaka ya mwanzo tuliwahi kutoa mapipa yenye njaa bila kujua, na injini tatu za watu zikatoboka mabomba. Mzee alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akarudi akaweka sheria: kila pipa liwe na kadi, na kwenye kadi awepo mtu aliyeandika jina lake kwa mkono wake. Pipa lisilo na jina la mtu halitoki getini. Wateja nao waliizoea sheria hiyo wakaishika kuliko sisi. Kwa miaka ishirini na sita jina lililokuwa kwenye kadi lilikuwa langu.

Nikavaa aproni na glavu, nikapanda ngazi ya tangi. Maji yalikuwa safi kama machozi, moto, hayana hata chembe juu. Mtu asiyejua angesema yameiva. Asidi ndivyo ilivyo: ndani ya maji ya moto inajificha, huioni.

Mkemia, ndiye Profesa wa Kifuniko, akaingia kutoka ofisini akiwa na daftari kifuani. Binti huyu aliajiriwa mwezi uliopita, katoka chuoni na karatasi zake zote, mpole, haringi. Bado alikuwa kwenye miezi mitatu ya kutazamwa.

"Shikamoo bibi. Pole na macho."

"Marahaba mwanangu. Hili umelipima kwa karatasi?"

Alijua nasema karatasi gani, vile vipande vya njano ambavyo ukivichovya vinageuka rangi na kukuambia kama asidi imebaki.

"Zimekwisha tangu wiki iliyopita. Nilimwambia Bosi, akasema zitakuja. Akasema nina mizani na nina shahada, nifanye hesabu." Akafungua daftari kunionyesha. "Nimefanya hesabu mara tatu, bibi. Asidi kilo hizi, magadi kilo hizi. Haibaki hata punje."

Nikaitazama hesabu. Kwa macho mapya niliiona vizuri, na kwa darasa la tatu sikuielewa hata kidogo. Ila niliona mkono nadhifu wa mtu ambaye hakubahatisha.

"Hesabu yako sina ugomvi nayo," nikamwambia. "Ila koo langu lina ugomvi na tangi lako."

Kabla hajajibu, Bosi Mdogo akaingia. Ni mtoto wa marehemu mzee. Mtu mzima sasa, ana tumbo na ndevu, lakini jina la Mdogo limemganda. Nilimbeba mgongoni huyu siku ambazo mama yake alikuwa anahesabu magunia. Mkononi alikuwa na kadi kumi na mbili, zimeandikwa kila kitu isipokuwa jina.

"Afadhali umekuja, Bibi. Tia sahihi hizi. Lori la kituo cha pampu limefika, saa saba linaondoka."

Kituo cha pampu ndicho kinachosukuma maji ya mji. Injini zao nne hazizimwi usiku wala mchana, na maji yanayozipoza yanatiwa dawa yetu.

"Chungu hiki sikukipika mimi," nikasema.

"Najua. Wewe tia sahihi tu. Wale wamezoea jina lako, wakiona jina geni wataanza maswali."

"Basi wayaulize. Ndiyo kazi ya maswali."

"Bibi, sina muda."

"Mimi ninao, mwanangu. Hili tangi halijaiva."

Akamgeukia Mkemia. "Halijaiva?"

"Kwa hesabu limeiva," binti akasema, sauti ndogo.

"Umesikia? Kwa hesabu limeiva. Wewe umeingia sasa hivi, hujashika hata mwiko, unasema halijaiva. Umejuaje, umeoteshwa?"

Nilichota nusu kikombe cha maji ya tangi kwa kata ya mpini mrefu, nikayamimina kwenye chupa ya kioo iliyokuwa inapata joto kando ya tangi, kisha nikachukua magadi kidogo kwa kijiko nikayadondosha ndani. Yakafanya shii. Povu likapanda hadi shingoni mwa chupa.

"Ona," nikasema. "Aliyeshiba hanyang'anyi chakula. Huyu ana njaa."

"Hilo ni joto tu," akasema Bosi Mdogo. "Maji ya moto ukitia kitu yanachemka. Kifuniko, fungua koki, anza kujaza mapipa."

Hapo nikashuka ngazi. Koki ya kutolea dawa iko chini ya tangi, na mpini wake unachomoka. Mzee aliutengeneza hivyo makusudi ili mtu asiigonge kwa bahati mbaya akamwaga kazi ya siku mbili. Nikauchomoa, nikautia mfukoni mwa aproni, nikavuta kigoda nikakaa mbele ya koki.

Kifuniko akaacha kunywa chai.

"Bibi," akasema Bosi Mdogo, taratibu kama mtu anayesema na mgonjwa. "Nipe mpini."

"Likipoa nitakupa."

"Likipoa lini?"

"Silisubiri tangi zima. Nasubiri chupa moja." Nikapanda tena ngazi nikachota chupa nyingine, safi, bila kuitia magadi, nikaiweka ndani ya beseni la maji ya baridi dirishani, nikarudi kigodani. "Ikipoa ikabaki safi, naandika jina langu mara kumi na mbili na naomba radhi mbele ya wote hawa. Ikipoa ikasema neno jingine, mapipa hayatoki."

"Na mimi nasema hivi. Saa saba isipokukuta umenipa mpini na sahihi, usirudi hapa kesho. Wala kesho kutwa. Miaka yako imetosha, watu wa rika lako wanalea wajukuu."

"Wajukuu wangu wamekwisha kulelewa. Wewe ndiye nilikuwa nakumalizia."

Kifuniko akakohoa, na sikudhani ni mvuke. Bosi Mdogo akamgeukia kwa hasira.

"Wewe, lete spana. Fungua koki kwa spana."

"Spana imepotea, Bosi."

"Si hiyo unayo mkononi?"

Kifuniko akaitazama spana yake kama vile ameokota kitu njiani. "Hii? Hii ni ya mabomba ya maji. Hii ni dawa. Haziingiliani."

Bosi Mdogo akatoka akaufunga mlango kwa kishindo. Tulimsikia uwanjani akimwambia dereva wa lori avute subira kidogo, kuna tatizo dogo la kiufundi.

"Tatizo lenyewe limekaa kwenye kigoda," Kifuniko akasema. "Shemeji, unajua unachofanya?"

"Nakaa."

Lakini nilikuwa na la kupoteza, sitasema uongo. Nyumba yangu ina chumba kimoja na mimi peke yangu. Kiwanda hiki ndicho kinachoniamsha asubuhi. Nilipokaa nyumbani siku mbili kwa ajili ya macho tu, kuta zilianza kunisemesha. Nilipomsikia Bosi Mdogo anataja kesho na kesho kutwa, niliona mlango wa hapa umefungwa na mimi niko nje na aproni yangu mkononi. Hilo liliniogopesha. Ila lilikuwapo jingine lililoniogopesha zaidi, nalo ni jina langu kubandikwa kwenye pipa lenye njaa, likasafiri bila mimi.

Mkemia alikuwa bado amesimama pale pale, anakumbatia daftari.

"Bibi, sikukosea," akasema. "Nakuapia. Nimepima kila gunia."

"Nakuamini. Magunia uliyatoa wapi?"

"Ghalani. Yale ya karibu na mlango."

"Njoo," nikamwambia. Nikamkabidhi Kifuniko kigoda changu. Akakaa mbele ya koki na spana yake magotini kama askari wa benki.

Ghala letu paa lake ni zima, lakini mlango una pengo chini, na mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili bila kupumzika. Magunia ya magadi yaliyokuwa karibu na mlango yalikuwa yamefunguliwa midomo. Ni kazi ya mtu aliyechota akasahau kufunga, na sikuuliza ni nani. Nikatia mkono ndani ya moja. Magadi makavu yanateleza kati ya vidole kama unga. Haya yalitoka mabonge, nikayafinya, yakabaki na alama ya vidole vyangu.

"Shika," nikamwambia.

Akashika. Akafinya bonge, akalinusa, akalifinya tena. Sikumweleza kitu. Nilimwacha afike mwenyewe, na nilimwona akifika; uso ulimbadilika kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta ufunguo haumo.

"Yamekunywa maji," akasema.

"Wiki mbili yanakunywa."

"Kwa hiyo kilo nilizopima hazikuwa kilo za magadi." Akakaa juu ya gunia. "Nimepima magadi pamoja na mvua. Mizani ikasema imetosha, kumbe sehemu yake ni maji matupu. Bibi, asidi imebaki. Imebaki nyingi."

"Mizani haikukudanganya. Gunia ndilo lililokudanganya."

"Wewe ungejuaje?"

"Mimi sipimi sana. Mimi natia mpaka povu lichoke. Gunia likiwa bovu, natia zaidi, sijui hata kwa nini natia zaidi, ila natia. Hesabu yako ni nzuri kuliko yangu, mwanangu, ila haijui kunyesha."

Akaegemeza kichwa ukutani. "Nikisema kwamba nimekosea ananifukuza. Sijamaliza hata hiyo miezi mitatu. Nyumbani walichinja kwa ajili ya kazi hii."

Sikumwambia aseme. Mtu humfundishi ujasiri kwa kumsukuma mgongoni, ataanguka kifudifudi. Nikamwambia tu, "Mimi nitasema langu la mvuke na la chupa. La gunia ni lako, ulitumie au ulifiche. Sitakutaja."

Tuliporudi, Kifuniko alikuwa ameganda anatazama dirishani. "Shemeji," akasema, "chupa yako imeota ndevu."

Nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa tena. Ndani ya chupa, maji yaliyokuwa safi yalikuwa yamejaa sindano nyeupe, nyembamba, zinameta. Nyingine zinaelea, nyingine zinashuka polepole zikijilundika chini. Ndiyo ile asidi. Maji yalipokuwa moto ilijificha, yalipopoa ikakosa pa kujificha.

Ilikuwa bado robo saa kufika saa saba. Bosi Mdogo akaingia pamoja na dereva wa lori, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu na haraka zake. Nadhani alimleta ili nione haya mbele ya mgeni. Sikuona haya. Nikainyanyua chupa nikaiweka juu ya pipa, mahali penye mwanga.

Akaitazama muda mrefu. Alikulia humu ndani, alijua anatazama nini. Kwa kitambo nikadhani yamekwisha.

"Sawa," akasema. "Kuna uchafu kidogo. Tutachuja. Kifuniko, weka kitambaa kwenye mdomo wa koki, dawa ipite humo, hivyo vyeupe vibaki. Saa saba na nusu lori linaondoka."

"Ukichuja mchuzi ulioingia chumvi nyingi, chumvi inabaki kwenye kitambaa?" nikamuuliza.

"Hii si mchuzi, Bibi. Hujui kemia."

"Sijui."

"Basi nyamaza."

"Mimi naijua," Mkemia akasema.

Sote tukageuka. Alikuwa ameweka daftari chini na mikono yake haikuwa na kitu cha kushika, akaificha nyuma.

"Vile vyeupe ni asidi iliyokosa nafasi tu," akasema. "Iliyopata nafasi bado imo kwenye maji, huioni na kitambaa hakiishiki. Tukichuja, dawa itapendeza kwa macho na itakuwa chachu vile vile. Itakula mabomba yao. Na kosa ni langu. Magadi yalikuwa yamelowa, sikuyakagua, nikaamini mizani."

"Umefanya kosa halafu unanifundisha?"

"Nimefanya kosa, ndiyo maana nakwambia."

Nilitamani kumkumbatia, nikajizuia. Haikuwa saa yake.

Dereva akakuna kofia. "Sasa mimi nipakie au nisipakie?"

"Utapakia," akasema Bosi Mdogo. Alikuwa amewekwa pabaya, namwelewa. Mtu akishasema neno mbele ya watu wanne, kulirudisha ni kama kurudisha maziwa kwenye titi. "Hapa bosi ni mimi. Kiwanda ni changu, si cha Bibi wala cha mtoto wa chuo. Nimesema yanaondoka, yanaondoka."

Nikamsogelea. Nikatoa mpini mfukoni nikamwekea mkononi. Nikatoa na kalamu, nikaiweka juu ya zile kadi kumi na mbili.

"Ni kweli ni chako," nikasema. "Baba yako alikuachia wewe, hakuniachia mimi. Basi fungua koki mwenyewe. Jaza mapipa mwenyewe. Na jina andika lako, lote, kama linavyosomeka kwenye cheti cha kuzaliwa. Mimi jina langu ni moja na ni fupi, sina la akiba. Siwezi kukuazima."

Akashika kalamu. Kwa kweli aliishika. Akavuta kadi ya kwanza, akainama, ncha ya kalamu ikagusa karatasi. Kifuniko alikuwa hapumui. Dereva alinyoosha shingo kuona, kwa sababu yeye naye angebeba mapipa hayo na ndiye angekuwa wa kwanza kuulizwa.

Kwenye kadi pale palibaki nukta moja ya wino, basi. Akaiweka kalamu chini.

"Njoo kesho," akamwambia dereva, bila kumtazama.

"Kesho saa ngapi?"

"Muulize huyo." Akaninyooshea kidole, kisha akanikaribia hadi nikasikia pumzi yake. "Umeniaibisha mbele ya watu, Bibi. Nilichosema ni kile kile. Malizia tangi hili, kisha usirudi."

"Nimesikia la kumalizia," nikasema. "Hilo jingine masikio yangu hayana miwani."

Akaondoka. Kifuniko ndipo akapumua, pumzi ya mtu aliyeibuka kutoka majini.

Tulifanya kazi mchana wote. Kifuniko alishusha gunia jipya kutoka juu ya rafu, lililoshonwa mdomo, kavu. Mkemia alitaka kulipima, nikamwambia pima, hesabu haidhuru, ila leo hesabu ifuate povu. Tukalipasha tena tangi, lililokuwa limeanza kupoa, hadi sindano zilizoanza kuota humo zikayeyuka. Kisha kopo moja la magadi. Povu likapanda, likanguruma, likashuka. Tukasubiri. Kopo jingine. Alitaka kutia mawili kwa pamoja, nikamshika mkono. Tangi la moto halitaniwi, povu likikimbia linatoka na ngozi ya mtu. Kwa hiyo tukakaa kwenye ngazi, yeye juu na mimi chini, tukitia na kungoja, yeye akiandika kila kopo kwenye daftari na kunifafanulia kinachotokea humo kwa majina ya chuoni. Sikuyashika majina, lakini nilifurahi kusikia kwamba jambo nililolifanya miaka ishirini na sita lina majina.

Povu likaanza kuchoka. Kopo la ishirini na nane lilitoa viputo vichache tu kama vya maji ya sabuni. La ishirini na tisa nikatia nusu, halikusema kitu. Nikainamia mvuke, nikavuta pumzi kifua kizima. Koo lilikaa kimya.

"Vuta na wewe," nikamwambia binti. Akavuta, akatabasamu.

Nikachota chupa mbili nikaziacha dirishani, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilikuja saa zile zile. Mlinzi wa geti alinisalimia kwa wasiwasi, bila shaka kaambiwa kitu, lakini hakujua amzuieje mtu aliyemkuta hapo siku yake ya kwanza kazini. Nilimpa habari za asubuhi nikapita katikati ya sentensi yake.

Bosi Mdogo alikuwa ndani, peke yake, amesimama dirishani. Chupa zote mbili zilikuwa baridi na safi. Ungeweza kusoma barua iliyoshikwa nyuma yazo. Alikuwa amechovya msumari katika moja. Baba yake alikuwa na mtindo huo wa kuona kama msumari utaliwa, ila mzee aliuacha humo siku saba.

"Nilisema usirudi," akasema.

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Tangi lilikuwa halijapoa. Kazi inakwisha ikipoa."

Mkemia na Kifuniko wakaingia wakasimama mlangoni, hawajui waende mbele au nyuma. Bosi Mdogo akachukua kadi kutoka mezani akaninyooshea. Kumi na mbili, mpya, ile yenye nukta hakuniletea.

Nikampa binti kwanza. "Wewe ndiye uliyepika. Andika wewe juu, mimi nitaandika chini."

Akamtazama Bosi Mdogo. Bosi Mdogo akatazama dari. Binti akaandika mara kumi na mbili kwa mkono wake nadhifu, na mimi nikafuata chini yake, herufi zangu kubwa za darasa la tatu.

"Bibi," akasema Bosi Mdogo nilipofika kadi ya tano. "Jana ningeandika jina langu ungefanyaje?"

"Ningekuacha uandike."

"Halafu?"

"Halafu ningepanda lori, nikakaa kati ya mapipa hadi kituo cha pampu, na kila pipa likishushwa ningewaambia, hili lina njaa, msilipokee."

Akacheka, kicheko kifupi cha pua, cha mtu asiyetaka kucheka. "Ungeniua."

"Ungekuwa hai. Kiwanda ndicho kingeumwa, lakini kingepona. Baba yako aliwahi kukiponya."

Hakusema nirudi, wala hakusema nisirudi. Alikusanya kadi, akazihesabu, akatoka nazo uwanjani ambako lori lilikuwa linapiga honi. Kifuniko akaanza kufungua mapipa, akiimba wimbo usio na maneno.

Nikafunga aproni nyuma ya kiuno, nikamwambia Mkemia achukue nyundo na mbao, tukaenda kuziba lile pengo chini ya mlango wa ghala.